Mate Juu ya Mninga

Dk. Leodgar alijitia kitanzi kwa ulimi wake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima.

Alikuwa ameingia Inyonga na gari jeupe la mradi, yeye na dereva wake Gervais, mtu wa Katumba asiyecheka ovyo. Alichofuata ni mate. Ukoo wa mama mmoja mfuga nyuki, Dafrosa, ulimvutia kwa kuwa kila kizazi kilitoa mtu au wawili wenye ugonjwa ambao yeye aliuita baipola, na wenyewe waliuita juu-chini. Kuna majira unapaa: huli, hulali, unaongea kama redio ya jirani. Kisha unaporomoka, unageukia ukuta, hata jina lako hutaki liitwe. Ndani ya mate, alieleza, mna vinasaba, yaani yale maelekezo ya mwili ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi. Humo ndimo angeusaka ugonjwa ulikojificha.

"Na msiniogope," akaongeza, akitabasamu kama mgombea. "Mimi Mfipa wa Sumbawanga. Nyie Wakonongo ni watani zangu tangu enzi za mababu!"

Uwanja ukalipuka vigelegele.

"Mfipa?" Shangazi Nyanzala akadakia. "Sasa mbona umekuja na gari? Ungo wenu wa kichawi umepata pancha?"

Akamwendea, akamvua kofia, akaivaa yeye. Daktari akacheka mpaka machozi. Masikini, hakujua anachekea nini. Huyu alikulia bwenini, na utani aliujua wa kwenye harusi za Dar, ambako watu hutupiana maneno, wakala pilau, yakaisha. Inyonga utani una sheria zake. Mtani akikuchukulia kitu hujaibiwa, bali inakupasa ukikomboe. Ukikasirika, umeshindwa, na bei ya kukomboa inapanda.

Dafrosa alikuwa nyuma kabisa, amekalia kreti la soda. Mkono wake ulikuwa ndani ya pindo la kitenge, unaipapasa pakiti ya vidonge vyake vya juu-chini. Safu moja tu ndiyo iliyobaki. Hospitali ya Mpanda dawa hizo zilitolewa dirishani, bure. Kufika huku ndipo zilipopotea njia, na ukiuliza zimepotelea wapi, kila mtu anamnyooshea kidole aliye mbele yake. Bila vidonge vile Dafrosa alijua anakokwenda. Safari iliyopita, akiwa juu, aligawa mizinga yake yote ya nyuki sokoni, halafu akapanda basi la Mpanda kuwaamuru abiria watubu. Dereva peke yake ndiye aliyetubu.

Hilo watu walilicheka, naye alilicheka. La kaka yake Deo hakulicheka mtu. Deo aliishiwa dawa msimu wa tumbaku, akaingia porini kwenda kuwahutubia nyuki. Walimpata mvua zilipokatika, na kilichozikwa ni kidogo.

Hivyo Dafrosa alikuwa na swali, tena alikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu yake ilikaa kooni kama mwiba wa samaki. Babu yake alimsimulia jinsi Waingereza walivyokuja na habari ya malale, ule ugonjwa wa mbung'o, wakawabinya watu shingo kutafuta tezi, wakaandika, kisha wakawang'oa misituni na kuwapanga hapa kama matofali. Mizinga ikaachwa kule kulea nyuki wa mwenye bahati. Baadaye wakaja watafiti wa damu. Wakaja wa choo, na hao angalau waligawa sabuni. Wote waliahidi kurudi na majibu.

"Kinyesi chetu kimesoma kutushinda," Dafrosa alizoea kusema. "Kimefika mpaka Ulaya."

Watu walipokwisha kutema, kila mmoja kwenye kichupa chake, akasimama.

"Daktari, jibu litarudi lini?"

"Utafiti ni safari ndefu, mama."

"Sawa. Na dawa?"

"Mradi hauna fungu la dawa. Sisi tunatafuta chanzo."

"Mmesema gari lenu litakuwa linakuja kila wiki kutoka Mpanda, si ndiyo? Linakuja tupu, linaondoka limejaa mate yetu. Kwa nini lisije na vidonge, likaondoka na mate?"

Daktari akamtazama kwa ule upole unaouma kuliko kofi. Akainamisha kichwa.

"Mama Dafrosa, siku hizi unalala vizuri?"

Ndugu zake mwenyewe wakaanza kumkagua machoni, kama amepaa, kama hajapaa. Ukishawahi kuwa juu, hata ukisema mvua inanyesha watu watatoka nje kuhakikisha. Dafrosa angefoka, na angefoka vizuri, maana maneno alikuwa nayo. Lakini kufoka ndiko kungempa daktari ushahidi.

"Nalala kama mtoto," akasema taratibu. "Karibu chakula, mtani."

Hilo neno la mwisho lingemwamsha Mfipa aliyelelewa na bibi yake. Leodgar alikwenda kunawa.

Alipomaliza ugali na kuku, sanduku la vichupa halikuwepo garini.

"Gervais! Sanduku liko wapi?"

"Limechukuliwa na watani zako, bosi."

"Na wewe ukawaangalia?"

"Mimi kwetu asili Burundi, bosi. Utani wenu haunihusu. Ningemzuia mtu ningeitwa mgomvi."

Sanduku lilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya mti wa mninga. Lilikuwa limevutwa kwa kamba, kama wanavyopandisha mzinga, likaning'inizwa chini ya mzinga wa gogo wenye nyuki wa kutosha kulinda benki. Ukoo mzima ulikuwa umejipanga chini, umetulia kama uko misani. Kofia ya daktari ilikuwa bado kichwani kwa Nyanzala.

"Huu ni wizi!" Leodgar akapaza sauti. "Nitaita polisi!"

"Amekasirika!" Nyanzala akapiga kigelegele. "Ongeza kuku wawili!"

"Hiyo ni kazi ya miaka! Ni mali ya mradi!"

"Na mbuzi!"

Polisi mmoja alikuwa akipita na pikipiki, akasimama kuuliza kuna nini. Akaelezwa. "Mfipa?" akauliza. "Na amejitaja mwenyewe kuwa ni mtani?" Akatikisa kichwa kwa huruma, akapiga kiki, akaenda zake.

Daktari akautazama mti. Akamtazama Gervais. Gervais akautazama mzinga, akafunga vioo vya gari.

"Usihofu," Dafrosa akamwambia. "Mwenyewe umetuambia ile dawa iliyomo kwenye vichupa inayatunza mate muda mrefu. Hayaozi. Mimi nayataka salama kukushinda wewe. Baba yangu alikuwa na ugonjwa huu, Deo alikuwa nao, mimi ninao. Unadhani ni nani anayeutaka ukweli wake zaidi, wewe au mimi?"



"Sitaki kuku," Dafrosa akaendelea, na Nyanzala akaguna. "Sitaki mbuzi. Gari lije na dawa zetu kila linapokuja. Ukombozi ni huo. Sasa niulize tena kama nalala."

Ilikuwa mara ya kwanza daktari kumtazama bila kumpima. Alitazama zile nyuso, zikimsubiri ama anune ama awe mtu. Akacheka, kicheko kibaya mwanzoni, kikakwama, kikatoka. Akapiga simu hospitali ya Mpanda palepale. Alibembeleza, akatishia kidogo, akajitolea kutoa gari. Alipokata simu alikuwa ametota jasho.

"Wiki ijayo," akasema. "Neno la mtani."

"Neno la mtani tutaliona wiki ijayo," akasema Dafrosa. "Mate yanakaa hukohuko."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Dafrosa alikata vidonge nusu kwa kisu, na alfajiri moja nyuki walianza kumsemesha kwa jina. Hakumwambia mtu. Alikwenda kukaa chini ya mninga, akawaambia nyuki wamngoje Gervais.

Gari likaja. Gervais alishuka na boksi la vidonge amelikumbatia kama mtoto wa ubatizo, na kwa mara ya kwanza Inyonga ikayaona meno yake. Dafrosa alimeza vyake palepale, kwa maji ya dumu la dereva. Kamba ikalegezwa, sanduku likashuka, Nyanzala akavua kofia na kuirudisha, ingawa kwa kinyongo.

Leodgar akahesabu vichupa. Akahesabu tena.

"Pamepungua kimoja. Mama Dafrosa, chako hakipo! Wewe ndiye unayewaunganisha wote hawa, bila wewe ukoo unakatika katikati!"

Dafrosa akanyoosha kidole juu. Kando ya mzinga, kwenye uzi wa katani, kichupa kimoja kilikuwa kinabembea, na nyuki wakikizunguka.

"Hicho nitakishusha," akasema, "siku utakaporudi na jibu. Kasirika, mtani. Nyanzala bado anataka ule mbuzi."