Miparachichi ya Kipaimara

Praygod alibeba mizigo ya wageni mlimani kwa miaka kumi na minne, hadi siku alipoteleza akishuka na mtungi wa gesi mgongoni, mvua ikinyesha, goti la kulia likapinda upande ambao goti halipindi. Daktari mjini Moshi aliangalia picha, akamwambia asibebe tena kitu kizito, hata ndoo ya maji. "Likivimba tena namna hii, halitakunjika maisha yako yote," alisema. Praygod akaitikia, akarudi nyumbani Marangu na fimbo.

Miezi mitatu alikaa barazani akimwangalia mkewe, Kindness, akipanda na kushuka na majani ya ng'ombe kichwani. Hakuna aliyemsema. Afadhali wangemsema.

Ndipo Jumapili moja mchungaji akatangaza kwamba mwaka huu kila mtoto wa kipaimara atapanda mparachichi katika kihamba cha kwao, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, na usharika unatafuta mtu wa kuotesha miche mia na hamsini. Praygod alijikuta amesimama kabla hajafikiri. "Mimi nitaotesha," alisema. Binti yake Eliona, aliyekuwa miongoni mwa watoto hao wa kipaimara, aligeuka kwenye benchi lake akamtazama. Tangu aanguke, mtoto huyo alikuwa akiongea naye kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Siku ile alitabasamu waziwazi.

Kuotesha, Praygod hakukujua. Alijua kuhamisha machipukizi ya migomba, basi. Dada wa mkewe aliuza juisi Majengo, mjini Moshi, akawa anawawekea kokwa za parachichi kwenye gunia. Udongo Praygod aliuchimba upande wa chini wa kihamba, mahali palipokuwa rahisi kufika: mweusi, mzito, wa kunata. Akaujaza kwenye viriba, vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, akavipanga nyuma ya zizi, akavifunika kwa majani ya migomba. Kokwa zilipasuka, vikatoka vijiti vyekundu, kisha majani. Mvua za masika zilipokwisha alikuwa na miche mia mbili na themanini, na kila asubuhi Eliona alikuja kuihesabu kabla ya kwenda shule.

Mwezi wa sita majani yakaanza kuwa ya manjano. Baadaye yakawa yanalegea mchana, yananing'inia kama nguo iliyoloa.

"Ina kiu," Praygod alisema.

Maji yalikuwa kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee unaopita upande wa chini wa nyumba, na kutoka pale hadi kitaluni ni mwinuko. Akaanza kuteka. Ndoo mkono mmoja, fimbo mkono mwingine.

"Baba Eliona, daktari alisemaje?" Kindness alimwuliza.

"Daktari hana miche."

Kindness akawa anateka naye asubuhi. Lakini siku za soko alikwenda Himo kuuza ndizi, na siku hizo Praygod aliteka peke yake, asubuhi, mchana na jioni. Kadiri majani yalivyozidi kulegea, ndivyo alivyozidi kumwagilia. Goti likavimba. Alilifunga kwa kipande cha kitenge, akavaa suruali pana ili mkewe asilione. Usiseme hakuwa na furaha. Alikuwa anabeba tena.

Mwezi wa nane akaja Mama Theodora, mwanamke wa makamo mwenye bustani ya miche pale Himo, aliyekuwa ameombwa na mchungaji aje kuibebesha ile miche, yaani kuipandikizia vikonyo vya mparachichi wa aina nzuri. Alifungua kisu chake, akainama kwenye mche wa kwanza, kisha akakifunga. Akachomeka kidole kwenye kiriba. Kilitoka kimejaa tope.

"Nani anamwagilia?"

"Mimi," Praygod alisema. "Mara tatu kwa siku. Siku nyingine nne."

Mama Theodora alichana kiriba kwa kisu, akautikisa udongo. Mizizi ilikuwa myeusi, na alipoivuta kidogo ganda lake lilichunika likabaki vidoleni. Ilinuka kama maji ya chombo kilichosahauliwa. Akachana cha pili, cha tano, cha kumi.

"Baba yangu," alisema, "hii miche haikuwa na kiu. Ilikuwa inazama. Mzizi ukioza hauwezi kunywa, jani linalegea, wewe unaona kiu. Udongo wako ni wa mfinyanzi, na viriba havina matundu chini. Maji yangetokea wapi?"

Praygod alitazama njia ya kutoka mfongoni. Miguu yake na fimbo yake vilikuwa vimeichimba hadi ikang'aa.

"Hakuna hata mmoja wa kuokoa?" Kindness aliuliza.

Walichambua hadi jua likaelekea magharibi. Wakapata sabini ambayo mizizi yake bado ilikuwa na ncha nyeupe. "Labda," Mama Theodora alisema. "Siahidi. Tafuteni udongo mwepesi wa juu, changanyeni na mchanga, toboeni viriba. Shina lisifukiwe zaidi ya lilivyokuwa. Na huu udongo wa zamani msiuguse tena, ugonjwa umo humo. Hata jembe lioshwe."

Kindness alipanda hadi shamba la kaka yake, Tito, akashuka na udongo kichwani mara tano. Mchanga aliutoa mtoni. Kesho yake ilikuwa siku ya soko, akaondoka na ndizi zake, akamwachia mumewe kazi ya kuhamisha. Praygod alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kama gogo, akahamisha mche mmoja mmoja kwa utaratibu alioambiwa. Alipofika wa hamsini, udongo ukaisha.

Ishirini ilibaki kwenye beseni, mizizi wazi, upepo unapuliza. Alisimama akachukua gunia. Alifika getini. Goti likagoma, akashikilia nguzo mpaka maumivu yalipopungua, akarudi. Kisha akavuta karibu lile fungu la udongo wa zamani. Viganja viwili viwili tu kwa kila kiriba, alijiambia, na mchanga mwingi juu. Akavipanga katikati ya vile vingine, na Kindness aliporudi akamwambia yote tayari.

Wiki tatu miche ilisimama. Mingine ilitoa jani jipya, na Kindness akawa anaimba akikamua ng'ombe. Wiki ya nne mmoja ukalegea, kisha wa jirani yake, kisha ukawa ni mstari mzima.

"Ni udongo wangu," Kindness alisema. "Tito alipulizia pale dawa ya magugu, nina hakika. Na hakuniambia." Akapanda kwa kaka yake, wakagombana mbele ya watoto. Akarudi analia. Praygod alimsikiliza, akamletea maji ya kunawa uso. Siku nne zikapita, na siku ya tano, Kindness aliposema hatamwalika Tito kwenye kipaimara cha Eliona, Praygod akashindwa kuficha tena.

"Mama Eliona, si udongo wa Tito. Uliisha. Ishirini niliijaza ule wa zamani."

Kindness alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini. "Ulikuwa unaniangalia nikimtukana ndugu yangu."

"Sikuweza kupanda mlima."

"Hukuweza kuniambia?"

Kindness alijifunga kanga, akapanda kwa Tito kuomba radhi, na huko akalala.

Ugonjwa ulienea kiriba hadi kiriba, na kufikia Novemba hakukubaki mche. Mchungaji alinunua mia na hamsini kwa Mama Theodora, hakumlaumu mtu. Siku ya kipaimara Praygod alikaa mwisho wa benchi, mguu wake ukiwa njiani kwa kuwa haukukunjika tena, na watu waliokwenda mezani kwa Bwana waliuruka. Nyumbani, baada ya chakula, Eliona na mama yake waliupanda mche wake kati ya migomba. Tito alichimba shimo. Praygod alisimama barazani akingoja kuitwa, wakamaliza, wakanawa mikono.

Jioni mchungaji alipita kuaga. Akamwomba Praygod awe anawatembelea watoto nyumba hadi nyumba, awaangalizie miti yao. "Sasa wewe unajua ni nini kinachoiua," alisema kwa upole.

Praygod alimtazama mkewe, akitumaini atamwambia akubali. Kindness alikuwa anakusanya sahani.

"Mtafute mwingine, mchungaji," Praygod alisema.

Kindness akaingia ndani na sahani zake.