Odessa Anadi Muswada wa Dawa

Odessa Rainbolt alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe, na Missouri ya kusini nzima iliijua sauti yake. Akiwa juu ya jukwaa, ulimi wake ulikwenda kama cherehani. Ila mteremshe pale, mwambie azungumze polepole kama watu wengine, basi! Kigugumizi kilimshika mpaka jina lake mwenyewe likamkwama kooni. Kwa hiyo siku alipofuatana na Priscilla Goforth kwenda bunge la jimbo, kule Jefferson City, kazi yake ilikuwa kubeba sandwichi na pai ya pichi.

Priscilla alikuwa mkuu wa zahanati ya Tull Creek. Odessa alikuwa mgonjwa wake wa kisukari, tena mjumbe wa bodi. Zahanati ile ilitibu wasiojiweza, na kwa sheria ya nchi kampuni za dawa ziliiuzia kwa bei ya chini. Kwa kuwa haikuwa na duka lake, dawa zilishushwa kwa Delmar Yount, mwenye duka la dawa pale pale mjini, na wagonjwa wakachukulia kwake. Mara kampuni zikageuka: kwa Delmar hatupeleki tena. Odessa akawa anafuata insulini yake mji wa mbali, milima kupanda na kushuka, barafu iwepo isiwepo. Sasa ulikuwepo muswada wa kuzizuia kampuni zisikatae duka ambalo zahanati imelichagua, na kamati ya Seneti ilikuwa inasikiliza maoni ya watu.

Msemaji alikuwa Priscilla. Lakini jioni iliyotangulia alikuwa amemshangilia mjukuu wake kwenye mpira wa kikapu hadi sauti ikamkauka. Walipofika mlango wa kamati, alikuwa akilia kama bata.

"Zungumza wewe," alimnong'oneza Odessa.

"Mi-mi-mimi? Priscilla, una wa-wazimu?"

"Si wewe dalali, shoga?"

"Wa ng'o-ng'ombe!"

Ndani, wakili wa kampuni alikuwa amejimwaga kwa maneno weee, hadi mwenyekiti, Seneta Lemaster, akaanza kutazama saa, akiwazia chakula. "Waliobaki, dakika moja moja," alisema. "Tull Creek!"

Priscilla akamsukuma mwenzake mgongoni.

Odessa akasimama mbele ya kipaza sauti. "M-m-mhe... mhe..." Watu wakainamisha macho kwa huruma. Hakuna kitu alichokichukia kama huruma ile. Akafumba macho, akavuta hewa, akajiona yuko jukwaani, ng'ombe wanazunguka chini yake, kisha akayafumbua.

"Haya haya haya! Insulini ninayo, insulini safi, bei imeshuka, haki ya mnyonge, duka liko mkabala na kanisa, msinipelekee mbali! Bibi hana gari, gari halina mafuta, mafuta yapo barafu imeziba, ileteni kwa Delmar, kwa Delmar, kwa Delmar! Nani ananipa kura? Kura moja, moja, moja!"

Seneta Crites, mfugaji na mjumbe wa kamati, alikuwa amenunua ng'ombe kwa Odessa nusu ya maisha yake. Mkono wake ukapanda wenyewe.

"Namwona bwana wa tai nyekundu! Moja ninayo, nataka mbili! Mbili, mbili, mama wa miwani usiniangushe!"

Mama wa miwani, seneta mwenzake, alicheka hadi miwani ikamdondoka, na mkono wake nao ukawa juu. Nyuma kule, wauguzi wa zahanati nyingine wakaanza kupiga makofi kwa mdundo.

"Mama! Muda umekwisha!" Mwenyekiti akagonga nyundo. Pa!

Sasa, mgongee dalali nyundo uone.

"IMEUZWA!" Odessa akapaza sauti, mkono hewani.

Mara akazinduka: yuko mbele ya kamati, si mnadani. Uso ukamwaka moto, akatamani sakafu impokee. Kisha chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, hata wakili wa kampuni akajificha nyuma ya mkoba wake, mabega yakimtikisika.

"Mama Rainbolt," mwenyekiti alisema akijifuta machozi, "kumbukumbu zioneshe kwamba hujauza kitu hapa."

"Ba-bado, mheshimiwa."

Si Odessa peke yake aliyeupitisha muswada ule; zahanati za jimbo zima zilikuwa zimebisha hodi kwa miaka. Lakini baada ya chakula kamati iliupigia kura na ukapita, na Seneta Crites akatangaza kwamba safari hii ameinua mkono kwa akili zake timamu. Njiani kurudi, wanawake wale wawili walisimamisha gari kando ya shamba la watu, wakala pai kwa mikono, wakicheka mpaka Priscilla akapoteza hata ile sauti ya bata.

Bunge zima nalo likaupitisha, Gavana akatia saini, na majira ya joto sheria ikaanza kazi. Odessa alikuwa anamenya viazi Delmar alipopiga simu. "Limefika! Boksi limefika!" Akatoka na aproni yake, mbio kuvuka barabara. Ndani ya duka alimkuta Delmar amemkumbatia mleta mizigo, naye kijana wa watu ametoa macho.

"Kwani humu mna nini?" aliuliza kijana.

"Dawa ya sukari!"

"Mbona mnacheza?"

Odessa alimshika mikono yote miwili, akamzungusha katikati ya sabuni na nepi za watoto, huku Delmar akiwapigia makofi.