Mugambi Hayuko Alberta

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa maktaba, Agincourt, huku ughaibuni. Jiji lilitaka maoni ya majirani kabla ya kuruhusu nyumba moja ya mtaani kwetu igeuzwe makao ya watu wazima wenye maradhi ya akili. Kaka yangu Mugambi alikuwa ameahidiwa chumba humo, kibali kikipatikana. Mama hakutulia. Alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena.

"Mama Mugambi! Kijana wetu anaendeleaje huko Alberta?" alisalimu Mzee Kuria wa kanisani kwetu.

"Anachapa kazi tu," Mama alijibu, kama alivyojibu kila Jumapili tangu Mugambi augue na kujifungia chumbani.

Kuria alipopewa kipaza sauti, alisema, "Tunawahurumia sana watu hao. Lakini tuna watoto hapa. Wapelekwe mbali kidogo."

Ukumbi ulipiga makofi. Nilinyanyuka kumjibu, Mama akanivuta sketi.

"Keti, wewe."

"Lakini Mama, wakikataa..."

"Nimesema keti."

Kisha akasimama yeye mwenyewe.

"Mzee Kuria, si ni wewe uliyemfundisha Mugambi gitaa?"

"Ni mimi, mama. Na akanishinda!"

"Hayuko Alberta. Hajawahi kufika huko. Ni mgonjwa, na sasa hivi yuko kwa gari hapo nje, anatungoja. Nimpeleke mbali kiasi gani?"

Kuria aliteremsha kipaza sauti polepole, akatazama theluji dirishani.

"Na baridi hii yote?" aliuliza. "Jamani, mwiteni aingie."

Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.