Maji ya Moto ya Rukiya

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na moja, mwaka 2011, saa kumi na moja kasoro dakika kumi za jioni, Numbi alifunga koki ya maji chini ya chauffe-eau, mashine ya gesi ya kupasha maji, akategesha bakuli, akalegeza nati kwa spana. Akatoa kichujio, kitu cha waya kisichozidi kidole gumba. Kilikuwa kimeziba kwa chokaa. Maji ya Bruxelles ndivyo yalivyo, hata birika linaota ngozi nyeupe ndani kabla mwezi haujaisha. Alikitumbukiza kwenye kikombe cha siki, kikaanza kutoa mapovu, naye akakaa kungoja. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alimtazama fundi mara moja, katika nyumba ya mtaa wa Flagey anakofanya usafi, na kitu alichokwisha kukitazama hakikumtoka.

Chauffe-eau ilikuwa sanduku jeupe lililotundikwa ukutani, juu ya sinki la jikoni. Haikuwa na tangi. Ukifungua bomba, moto unajiwasha ndani yake na maji yanatoka yakiwa moto. Ukifunga, moto unazima. Ilikuwa na tabia zake. Ukifungua bomba kidogo, haiamki. Ukifungua sana, maji yanapita mbio, yanatoka vuguvugu. Mtu akiosha vyombo jikoni wakati mwingine anaoga, yule wa bafuni anapiga kelele. Ilikula pile mbili kubwa, betri za kuwashia moto, na pile zikichoka ilipiga tik, tik, tik bila kuwaka, kama mtu anayetafuta neno.

Numbi alirudisha kichujio, akakaza nati, akafungua koki. Kisha akakausha mikono na kuangalia saa, kwa sababu hawakuwasha kabla Rukiya hajafika.

Rukiya alifika saa kumi na moja kamili. Alipita kwenye upenyo wa vidole viwili, pale ambapo kisanduku cha mbao kilichofunika bomba la moshi kilikutana na dari. Alitoa mguu mmoja, halafu wa pili, akakanyaga ukingo wa sinki, akashuka, akafuta alipokanyaga. Alikuwa mtu wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja aliyekuwa akisafisha ofisi kule mtaa wa Schuman. Alikufa Januari 2009 katika nyumba hiyohiyo, huko Anderlecht karibu na metro Aumale, alfajiri, akioga kabla ya kwenda kazini.

"Salaam aleikum," alisema.

"Na weye vile vile, mama," alijibu Maman Émérance, mama yake Numbi kutoka Likasi, Kongo, aliyekuwa ameketi na mjukuu mapajani. "Bon, huko kwenu mulilala muzuri?"

"Kule halali mtu, Mama Émérance. Tunakaa tu."

Rukiya aliinama mlangoni. Chini ya mlango wa jikoni palikuwa na matundu ya kupitisha hewa, na katika matundu hayo palikuwa pamesokomezwa kipande cha pagne, kitambaa cha kitenge.

"Umeziba tena," alisema.

"Baridi iko inaingia pale! Mu Likasi muntu hawezi kulala na tundu mu mulango. Inaingiaka mu mifupa, alors mutoto anakohoa."

"Unataka kunifuata? Nakwambia kule hakuna nafasi. Utakaa umesimama."

"Mimi na hii miguu? Watanipa kiti. Niko nkambo wa muntu, niko na mujukuu."

Rukiya aliivuta pagne, akaikung'uta, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Alifanya hivyo kila siku. Kila asubuhi Maman Émérance aliirudisha.

Baada ya hapo Rukiya alisimama mbele ya chauffe-eau, karibu kama mtu anayepigwa picha, na kumwambia Numbi afungue. Moto uliwaka. Haukuwa wa bluu kama unavyotakiwa, ulikuwa wa manjano wenye ncha nyekundu. Rukiya alivuta pumzi. Alivuta polepole, bila kuachia, muda wote maji yalipokuwa yanajaza beseni, na hewa ya sumu iliyorudi kutoka kwenye bomba la moshi ikaingia yote kifuani mwake. Beseni lilipojaa, Numbi alifunga maji. Rukiya alikwenda dirishani mashavu yakiwa yamejaa, akafungua, akapuliza nje kwenye ua. Njiwa walioketi kwenye ukingo wa paa la jirani walisogea kidogo.

"Mimi haiwezi kunifanya kitu tena," aliwaeleza siku ya kwanza. "Lakini nyinyi msiwashe bila mimi." Hawakuuliza zaidi. Walipanga saa ya kuoga.

Saa hiyo ilikuwa muhimu, kwa sababu Maman Émérance alikuja kutoka Likasi kwa kazi moja tu, kumkanda Mwamba, mtoto wa Numbi wa miezi mitano. Maji ya moto, kitambaa, mafuta. Kunyoosha mgongo, kuvuta miguu, kukikanda kichwa kikae mviringo. Kwao, mtoto asiyekandwa anakua na viungo vilivyolegea, halafu watu wanauliza nyanya yake alikuwa wapi. Mukendi, baba wa mtoto, alibeba mizigo kule uwanja wa ndege na hakuwa akirudi mpaka wote wamelala, kwa hiyo kazi ya kukanda ilikuwa ya wanawake watatu. Maman Émérance alikanda. Numbi alishika taulo. Rukiya alikaa kwenye kiti karibu na dirisha na kumchekesha mtoto kwa kupeperusha ncha za vidole vyake, ambavyo havikuwa na uzito. Mwamba alimpenda kuliko wote. Akimwona anashuka kutoka sinki, alipiga miguu.

"Mutoto wa Likasi anacheka na muntu wa Buja," Maman Émérance alisema. "Dunia imeharibika."

"Anacheka mikono yako, inavyombana kama mtu anakamua nguo."

"Nyamaza. Weye walikukanda? Angalia mabega."

Habari ya bomba la moshi ilikuwa fupi. Ndani ya ukuta, mahali bomba la bati linapoingia kwenye dohani, palikuwa pameachana, pengo la upana wa kiganja. Rukiya, alipokuwa hai, alisikia kichwa kinamuuma kila akioga. Alimwandikia mwenye nyumba, Monsieur Lambrechts, barua mbili, akampigia simu mara moja. Alipokufa, Monsieur Lambrechts alisema kwamba marehemu aliziba matundu ya hewa kwa kitambaa, kama wafanyavyo watu wa kutoka kule. Rukiya hakuwa ameziba kitu. Kisha Monsieur Lambrechts alizungusha utepe wa kung'aa kwenye bomba, akapigilia kisanduku cha mbao juu yake, akapaka rangi nyeupe, na katika majira ya machipuko akawapangisha Mukendi na Numbi. Utepe ulidondoka kwa joto wiki ya pili.

Numbi naye aliandika. Aliandika kwa herufi kubwa, polepole, akimwuliza Mukendi tahajia ya maneno ya Kifaransa. Barua ya nne ndiyo iliyojibiwa. Fundi wa ukaguzi angekuja Jumanne saa nane mchana, pamoja na mwenye nyumba.

Jumatatu jioni Numbi alingoja mtoto avishwe nguo, kisha akasema, "Yaya Rukiya," maana ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa, "kesho usivute."

Rukiya alikuwa dirishani. Aligeuka.

"Fundi atakuwa na kifaa cha kupima hewa," Numbi alisema. "Kikilia, anaandika karatasi, na proprio, huyu mwenye nyumba, analazimika kufungua ukuta na kutengeneza. Usipovuta, kitalia."

"Na mtoto?"

"Maman atatoka naye. Watakaa kwenye ngazi mpaka amalize."

Rukiya alifikiri. "Wakitengeneza, wataziba lile pengo," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi napita pale nikitoka dohani."

Maman Émérance alikuwa anafunga kifungo kimoja cha Mwamba ambacho kilikuwa kimekwishafungwa.

"Wazibe," Rukiya alisema. "Tangu mwanzo niliomba wazibe. Kesho nitakuja mapema, nitasimama pembeni, sitavuta hata kidogo. Wallahi."

Jumanne Maman Émérance aliamka saa kumi na mbili. Alisugua chauffe-eau kwa sifongo mpaka ikang'aa, akaosha dirisha, akasugua sakafu. Numbi alipomwuliza kwa nini anasafisha kitu wanachotaka kionekane kibaya, alijibu kwamba kubaya ni ndani, inje ni ya kwake. Kisha akakanda unga na kukaanga mikate ya mafuta.

"Maman, yule anakuja kwa kazi."

"Muntu anaingia mu nyumba, anatoka mudomo mukavu? Atasema nini kwa bibi yake?"

Saa nane waliingia. Fundi alikuwa mzee kidogo, magoti yake yalilia alipopiga goti kuangalia koki. Monsieur Lambrechts alivaa koti refu la mvua. Rukiya alikuwa amesimama pembeni ya friji, mikono kifuani, kama alivyoahidi.

"Ah, Madame Rukiya," Monsieur Lambrechts alisema. "Toujours là?"

"Bado nipo, monsieur."

"Unaonekana vizuri."

"Aksante."

Alimgeukia fundi. "Huyu ni mpangaji wa zamani," alisema. "Ndiye aliyeziba hewa."

"Sikuziba," Rukiya alisema.

Fundi aliwatazama wote wawili, akaandika tarehe. Aligonga kisanduku cha mbao kwa kidole, akasikiliza.

"Bomba liko humu?"

"Humu," Numbi alisema. "Limeachana. Fungua utaona."

"Mbao ni za monsieur, madame. Kifaa changu kikilia, naandika na anafungua, hata leo. Kisipolia, sina haki ya kuzigusa."

Maman Émérance alitoka kwenda kukaa ngazini, Mwamba mgongoni, amefungwa kwa pagne. Numbi alifunga mlango nyuma yake. Fundi alitoa kifaa cha manjano, chenye ukubwa wa simu, akakishika juu ya chauffe-eau, akamwambia Numbi afungue maji ya moto mpaka mwisho. Moto uliwaka, wa manjano. Namba kwenye kifaa ilianza kupanda. Numbi aliisoma bila kutikisa kichwa: nne, tisa, kumi na saba, bado kidogo kilie.

Mlango ulifunguliwa. Maman Émérance aliingia na sinia aliyoiandaa chumbani, chai ya maziwa, sukari, na sahani ya mikate ya mafuta imefunikwa kwa kitambaa safi. Mwamba alikuwa mgongoni, kichwa juu ya bega lake.

"Papa fundi, karibu, karibu. Ukule kwanza. Kazi haikimbie."

"Maman, toka," Numbi alisema.

"Ninatoka, ninatoka. Achukue tu moja. Iko moto."

Fundi alikuwa hajala tangu asubuhi. Alichukua mkate kwa mkono wa kushoto, kifaa kikiwa bado katika mkono wa kulia, akauma, akasema ni mzuri sana, akauma tena, karibu kabisa na moto. Maman Émérance hakuweza kuondoka mgeni akiwa bado anatafuna. Alisimama akimwekea sukari. Mwamba alimwona Rukiya pembeni ya friji, akaanza kupiga miguu.

Rukiya alimtazama mtoto. Akamtazama fundi, mwenye makombo kwenye masharubu, aliyekwisha kula chakula cha nyumba hii. Akavuta pumzi.

Namba ilishuka, kumi na moja, sita, mbili, sifuri. Kisha ikasimama.

"Zéro," alisema fundi, akakitikisa kifaa, akakisogeza juu, akakisogeza chini. "Zéro partout, kila mahali." Alimwomba Rukiya asogee kidogo ili aangalie nyuma, na Rukiya alisogea, mashavu yamejaa, hakuweza kujibu. Numbi aliacha maji yakitiririka dakika nane nzima. Namba haikubadilika. Fundi alimaliza chai, akashukuru, akabandika kwenye chauffe-eau karatasi ndogo ya kijani, na Monsieur Lambrechts akaweka nakala yake katika mfuko wa ndani wa koti. Mlangoni alimwambia Numbi kwamba sasa karatasi ipo, hakuna haja ya barua nyingine.

Waliposhuka ngazi, Rukiya alikwenda dirishani akapuliza. Alipuliza muda mrefu.

"Nisamehe, Numbi," alisema. "Nilijaribu."

"Nilikuona."

"Angeanguka hapa, na mkate mdomoni."

"Najua, Yaya."

Numbi alimgeukia mama yake na kumtazama. Macho ya Numbi yalikuwa ya kungoja, yasiyolazimisha. Maman Émérance alikusanya vikombe.

"Mugeni hawezi kutoka bila kula," alisema.

Karatasi ya kijani iliandikwa kwamba ni halali miaka mitatu. Numbi alituma barua ya tano, ikarudi na nakala ya karatasi hiyohiyo. Mwezi wa pili, baridi ilipokuwa kali, Lucienne wa ghorofa ya chini, ambaye mashine yake ya maji ilitoa moshi katika dohani hiyohiyo, alipanda kuuliza kwa upole kama yule dada anaweza kupita na kwake pia, saa kumi na mbili, kwa sababu watoto wake walikuwa wanaumwa vichwa. Rukiya alisema ataweza. Tangu siku hiyo alikuwa na nyumba mbili, na alikuwa akitoka kwa Lucienne amechoka, akipanda ngazi kama walio hai.

Jioni moja ya mwezi wa tatu Maman Émérance alimtazama wakati anashuka kutoka sinki. Kitambaa cha kichwa cha Rukiya, kilichokuwa cheupe, kilikuwa cha rangi ya jivu, na pembeni ya masikio kilikuwa cheusi kabisa.

"Toa ile kintu," alisema. "Nifule."

"Acha, mama. Sio kitu."

"Nimesema toa. Muntu hawezi kutembea mu nyumba za batu hivi. Batasema hauna mama."

Rukiya alikitoa. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari, safi, jinsi zilivyokuwa asubuhi ya mwisho. Maman Émérance alikiweka kitambaa kwenye beseni, akakisugua sabuni kwenye maji baridi, masizi yakakataa kutoka. Alikunja mikono ya blauzi.

"Inaomba maji ya moto," alisema.

Numbi alishika bomba, akamtazama Rukiya. Rukiya, kichwa wazi, alikwenda kusimama mahali pake mbele ya chauffe-eau, akalegeza mabega.

"Fungua," alisema.