Wapili na Jiwe la Malenga

Enzi hizo kulikuwa na mshairi mmoja aliyeitwa Malenga, na mji mzima ulikuwa wake. Mtu akiibiwa kuku, aliitwa Malenga aje kumtafuta mwizi, kwa sababu jicho lake lilikamata vitu ambavyo wengine walivipita. Mwenzake mmoja naye alikuwa na tungo nzuri, ila katika kila shindano alishika nafasi ya pili, mpaka jina lake halisi likasahaulika. Walimwita Wapili. Hata mama mkwe wake alimwita hivyo.

Jengo jipya la mahakama lilipokamilika, mkuu wa mji aliagiza mstari wa Malenga uchongwe kwenye jiwe juu ya mlango: *Mwenye haki aingie, mwenye hila arejee.* Chini yake likae jina la mtunzi. Tangu Wapili apate habari hiyo, chakula kilikataa kushuka.

Asubuhi ya uzinduzi alichukua nyundo ya shemeji yake, akaificha ndani ya koti, akaenda kulitwanga lile jina. Kufika, akaduwaa. Mtu alikuwa amemtangulia! Neno moja la ule mstari lilikuwa limegeuka shimo. Hata hapa amekuwa wa pili! Kabla hajajua acheke au alie, mlinzi alimdaka mkono, nyundo ikaanguka chini kwa kishindo.

Watu wakajaa. Mkuu wa mji alikuja mbiombio, uso umemwiva.

"Mfungeni huyu! Nani asiyejua roho yake ilivyo kwa Malenga?"

"Subiri kidogo, mheshimiwa," Malenga akasema. Aliomba ngazi, akapanda, akapapasa lile shimo kwa kidole. Kisha akageuka.

"Si yeye. Mwenye chuki na mimi angepiga jina langu, na jina langu ni zima. Au vipi, ndugu yangu, wewe usingeanza na jina?"

Watu wakaangua kicheko. Wapili alitamani ardhi immeze, maana ilikuwa kweli tupu.

"Halafu tazameni," Malenga akaendelea. "Neno langu hapa ni *hila*, linaishia na *a*. Lakini ukingoni imebaki *i*. Fundi, ulichonga nini?"

Fundi mchongaji, aliyekuwa amejibanza nyuma ya watu, alipiga magoti. "Nisamehe, mzee. Nilirudia *haki*. Ikasomeka mwenye haki arejee! Nilipogundua leo asubuhi, akili ikaniruka, nikalivunja."

Malenga alimwombea fundi msamaha kwa mkuu wa mji, akapewa, na mlinzi akamwachia Wapili. Ikabaki kuziba shimo kwa kipande kipya cha jiwe.

"Kusema kweli," Malenga akamwambia Wapili pembeni, "lile *hila* halikuwahi kuniridhisha. Wewe ungeweka nini?"

Wapili alitaka kunyamaza. Alitaka kabisa. Lakini neno lilishamtoka: "*Nguvu*."

Malenga aliurudia mstari taratibu, mwenye haki aingie, mwenye nguvu arejee, akamkumbatia mbele ya watu wote. Wapili alisimama mkavu kama mti. Kuokolewa na mtu yule kulimchoma kuliko kufungwa.

Likachongwa *nguvu*, na mji ukalipenda neno lile kupita kiasi. Wanyonge walilitaja wakiingia kortini, walimu wakalifundisha. Malenga mwenyewe hakuchoka kueleza kwamba neno ni la Wapili, lakini watu walidhani ni unyenyekevu wake tu, wakazidi kumpenda.

Siku moja Wapili alirudi nyumbani amenuna, akamsimulia mkewe jinsi alivyomsikia wakili akilisifia neno lile kama ufundi wa Malenga.

"Si ungemwambia ni lako, baba watoto?"

"Nikisema, watasema nina wivu."

"Kwani huna?"

Mkewe akamsogezea maji ya kunawa, naye Wapili akanawa, mkono mmoja baada ya mwingine, polepole, huku akitafuta moyoni neno jingine zuri zaidi ya lile.