Makofi ya Epifania

"Mwaga hapo tena! Hapo! Unataka vumbi limle mheshimiwa?" msimamizi akafoka.

Epifania akainamisha ndoo. Maji yakatawanyika juu ya udongo mwekundu, yakanywewa kabla ndoo haijaisha. Tangu alfajiri alikuwa akichota kisimani na kuunywesha uwanja ule wa Sumbawanga kwa ajili ya kitu kilichokaa katikati yake, cheupe, kimefungwa mapanga kwa kamba kama ng'ombe mkorofi: helikopta ya ulinzi wa ziwa. Ziwa lenyewe lilikuwa mbali, chini ya milima, kule Kasanga. Lakini Kasanga kuna joto na mbu. Kwa hiyo mlinzi wa ziwa alilala huku juu, kwenye baridi nzuri, na wanawake wakamletea maji kwa ndoo.

Simu ikatetemeka ndani ya kitenge. Alikuwa Salome, mke wa mdogo wake Ignasi.

"Wifi, amepatikana?" Epifania akauliza.

"Bado. Lakini wavuvi walimwona jana jioni! Amekumbatia dumu, anaelea. Aliwapungia mkono, wifi. Mawimbi yakawazuia kumfikia, giza likaingia." Salome akavuta pumzi. "Hiyo ndege si iko huko kwenu? Waambie."

Mashua ya mahindi iliyokuwa ikielekea Zambia ilikuwa imepasuka jana mchana. Wenzake wote walikwisha kuokolewa. Ignasi peke yake ndiye aliyebaki majini, kitindamimba, yule ambaye Epifania alimbeba mgongoni mpaka wenzao wakamcheka kwamba amezaa kabla ya kuolewa.

Akaweka ndoo chini, akamfuata Ngeleja, msimamizi wa sherehe, aliyekuwa akinyoosha kitambaa cha meza kuu.

"Bwana Ngeleja, samahani. Mdogo wangu yuko majini kule Kasanga. Anaelea, yu hai. Hii ikienda sasa hivi itamwona."

"Pole sana, mama. Lakini hii haijazinduliwa."

"Haina mafuta?"

"Mafuta tele. Haijazinduliwa. Mheshimiwa ametoka Dar kuja kukata utepe. Nikiiruhusu iruke, akate nini? Hewa?" Akacheka, akamtazama kuona kama naye anacheka.

"Na ukishakatwa huo utepe?"

"Inakwenda bwawani kumwokoa Kelvin."

Kelvin, kijana wa stendi anayejua kuogelea kuliko wote mjini, alikuwa pembeni akila chapati, amevaa jaketi jipya la kuokolea. Alikuwa ameteuliwa kuzama.

"Shikamoo, mama. Mimi nazama baada ya hotuba."

"Marahaba. Anakuzamisha nani?"

"Ratiba, mama."

Ngeleja akarudi kwenye kitambaa chake. "Kama una mdomo wa kumwambia mheshimiwa, kamwambie mwenyewe. Mimi sina."

Mheshimiwa alifika jua limekwisha kuwa kali, kanyoa vizuri, ananukia. Mtangazaji akakamata kipaza sauti. "Ina injini mbili! Moja ikizima, nyingine inapeta! Inaokoa wanaozama, inabeba wagonjwa, inazima moto, inakimbiza magendo!" Vigelegele vikapigwa. Epifania alisikiliza kama mtu anayemsikiliza mlevi akihesabu ng'ombe asiokuwa nao.

Utepe ukakatwa. Mapanga yakaanza kuzunguka. Mheshimiwa alipokuwa akielekea mlangoni, Epifania akapita chini ya kamba ya kuzuia watu na kufanya lile ambalo kila mtoto wa Kifipa hufundishwa afanye akiwa na neno zito mbele ya mkubwa. Akapiga magoti. Akainama, akakunja viganja, akaanza kupiga makofi ya taratibu, mazito, yale ya kuomba.

"Mdogo wangu yuko majini, baba. Yu hai. Alipunga mkono."

Injini mbili zikala maneno yake, moja ikitafuna, nyingine ikimeza.

Mheshimiwa, mtu wa pwani, aliona mama aliyepiga magoti akimpigia makofi. Uso ukamchanua. Naye akampigia. Walinzi wakapiga. Wapiga picha wakachuchumaa.

"Mwoneni mama wa Kifipa anavyoishukuru helikopta yake!" mtangazaji akapaaza sauti, na uwanja mzima ukaitikia kwa makofi. Epifania hakuacha, kwa sababu alivyolelewa, huachi mpaka mkubwa ajibu. Kila alivyozidi kuomba ndivyo walivyozidi kushangilia. Mtu akamvika kofia yenye picha ya helikopta. Mlango ukafungwa. Upepo wa mapanga ukachimbua vumbi lililokuwa chini ya tope lake lote la asubuhi, ukalimwaga juu ya kitambaa cheupe cha meza kuu.

Helikopta ilikwenda bwawani, ikamnyanyua Kelvin akichuruzika maji na kucheka. Kisha ikawazungusha wageni juu ya mji wakaone nyumba zao. Kisha ikatua, maana chakula kilikuwa tayari.

"Mama, umetung'arisha!" Ngeleja alimjia mbio, mdomo umejaa pilau. "Utaonekana kwenye taarifa ya habari. Ulimwambia?"

Epifania akaivua kofia. Akainama, akajifuta nayo tope la mguu wa kulia, akaigeuza, akafuta la mguu wa kushoto. Akamwekea mkononi.

"Mpe asante yangu. Inafuta vizuri."

Alipata nafasi nyuma ya gari dogo la Alphonce, mfanyabiashara wa vitunguu, juu ya magunia. Walipoanza kuteremka kuelekea Kasanga, Salome akapiga simu. Sauti ilikuja vipande vipande.

"Wanaume wanne wa hapa wameingia na mtumbwi wa makasia… tangu asubuhi… Wewe shuka tu, wifi."

"Wamemwona?"

Mtandao ukafa.

Kwenye kona moja milima ikaachana na ziwa likatokea lote, bluu, limetulia kana kwamba halijawahi kumgusa mtu. Mtumbwi mmoja ulikuwa ukirudi ufukweni. Epifania akasimama juu ya magunia, akashika chuma.

"Kaa, dada, utaanguka!" Alphonce alipiga kelele dirishani.

Hakukaa. Aliwaona wapiga kasia, wawili mbele na wawili nyuma, wakivuta polepole. Katikati yao kulikuwa na kitu. Kwa umbali ule hakuweza kujua kama kimeketi au kimelazwa. Na juu ya ziwa, kutoka upande huu mpaka upande wa Kongo, hakukuwa na kinachoruka, hata mwewe.