Kiti ya Mbele

Tangu nizaliwe sijaona wazimu kama huu: mutu iko na nyumba ya matofali, ndani iko meza, iko viti vya kuenea ukoo muzima, na siku ya konje, siku hakuna kazi, anabeba sufuria mu motokari, anaenda mbali mu pori, anakaa chini mu majani pamoja na siafu, anakula pale, kisha anasema amepumzika. Siye wengine tulikula mu majani miaka yetu yote kwa sababu hatukuwa na nyumba karibu. Hakuna mutu alituita watu wa maendeleo.

Lakini Floribert, mutoto ya kaka yangu marehemu, alinipigia simu kule Kpandroma.

"Baba mudogo, shuka Bunia. Trente juin, siku ya uhuru, tunaenda piki-niki. Mama-mukwe atakuwa. Bila weye sina mutu ya kunisemea."

Pale pale nikajua haikuwa piki-niki, ilikuwa kesi. Nadège, bibi yake, alikuwa amerudi kwa mama yake, Mama Alphonsine, tangu Pasaka. Na kwetu mwanaume hawezi kwenda yeye mwenyewe kuomba bibi yake kwa wakwe. Anatafuta mukubwa ya kwake amutangulie. Wakubwa wenye akili walikwisha kufa wote, nilibaki mimi. Nikapanda pikipiki, nikafika Bunia na vumbi mpaka kwenye kope.

Nikamuuliza Floribert sababu ya bibi kuondoka. Akazungukazunguka, mara kazi nyingi, mara presha, mara wanawake ya leo. Ni jirani yake, Mama Emerance, njo alinieleza, amesimama ngambo ya ua na mwiko mu mukono.

"Ni sababu ya imbwa, muzee."

"Ilimuuma?"

"Ingemuuma ingekuwa afazali. Ilikamata kiti yake."

Hiyo imbwa jina yake Baron. Ilitoka Kampala, mukubwa kama ndama, na manyoya yake iko na burashi yake. Floribert anafanya kazi ya kugawa mahema kwa watu waliokimbia vita, na tangu alipopata kazi ile yeye pia alikimbia, alikimbia akili yake. Kila akiwasha motokari, Baron anakaa mbele, pembeni ya shofere, kichwa inje ya dirisha. Nadège, mwenye mahari yake ilitolewa na watu wakashuhudia, anakaa nyuma na gunia ya makala ya kupikia. Siku ya Pasaka walifika hivyo kanisani. Watu wote wakaona: mbele ikashuka imbwa, nyuma akashuka mama. Nadège aliingia akasali. Kisha ya ibada alifuata mama yake mpaka kwao, na nyumba ya matofali hakuiona tena.

Siku yenyewe ya konje asubuhi, nikafungua mulango ya mbele ya motokari nikae mahali pa mutu ya umri wangu. Nikakuta Baron. Akaniangalia vile mukubwa ya ofisi anaangalia mutu aliingia bila kubisha.

"Ishushe," nikasema.

"Baba mudogo, nyuma anatapika," Floribert akasema. "Kona mbili tu, anatapika. Na joto inamusumbua. Ni leo tu, uvumilie."

Anatapika. Anasumbuka. Alisema juu ya imbwa vile mutu anasema juu ya mutoto yake ya kwanza. Mimi nimepanda malori ya Mahagi, juu ya magunia ya chumvi, kati ya mbuzi na walevi. Lori iko na sheria yake: muzee na mwanamuke mwenye mimba, mbele. Hata wale mashofere waliokunywa tangu alfajiri walijua hiyo. Nikakaa nyuma. Nilikuja kusema maneno ya watu, si ya kiti yangu.

Tukafika kwa Mama Alphonsine. Akatoka na kikwembe juu ya kichwa, uso ameupindisha pembeni, kwa sababu mukwe yake iko pale. Nadège akafuata nyuma yake na begi.

Nikaangalia ile begi. Mutu haendi kula kuku mu majani na begi ya vile. Ilikuwa begi ya nguo, imejaa mpaka zipu inalia. Moyoni nikasema: asante Mungu, huyu mwanamuke amekwisha kurudi. Hata kinywa yangu sitaifungua. Mama yake apewe heshima yake mpaka jioni, basi, begi italala kwa Floribert. Kazi ya Floribert leo ni moja: asiharibu.

Nadège akasimama mbele ya motokari. Baron akamuangalia, yeye akaangalia Baron. Akacheka kidogo, kicheko ya mutu alitegemea mvua na mvua ikakuja kweli, akaingia nyuma. Mama yake akaingia pia, akanisukuma mpaka kwenye mulango. Hasemaki moja kwa moja na mukwe yake, anapitisha kwangu.

"Muzee Augustin, muulize mukwe yangu. Huyu ya mbele ni kaka yake mukubwa, ao ni mutu ya serikali?"

Floribert akakamata usukani na mikono mbili. "Baba mudogo, umuambie mama kama nyuma anatapika."

"Anasema nyuma inatapika," nikasema.

"Aa. Basi siye wa nyuma tuombe tusitapike."

Kwenye barière, pale wanafunga barabara, askari akainama kwenye dirisha, akaona Baron, akapiga saluti mpaka buti ikalia. "Mon colonel! Passez, mupite!" Floribert akacheka sana. Mbele walifurahi, Baron pia akatoa ulimi. Nyuma hakuna aliyecheka.

Tukavuka muto Shari, tukafuata barabara ya Marabo, mpaka kwenye kilima moja yenye majani mafupi. Wendawazimu wengine walitutangulia, na miziki yao, na watoto wao wanalia sababu ya siafu. Floribert akatandika nguo kubwa chini. Lazima niseme ukweli, alitayarisha vizuri: kuku ya kukaanga, makemba, zile ndizi za kupika, sombe ya majani ya muhogo, wali, bugali ndani ya termosi. Parasoli. Vijiti vya meno. Bakuli ya Baron, maji ya Baron, taulo ya Baron. Nadège akapiga magoti, akaanza kumugawia bwana yake, na nyama nzuri akaiweka kwenye sahani yake. Mimi naona, mama yake anaona. Kimya kabisa mambo ilikuwa inajipanga.

"Leo tunakula wote pamoja," Floribert akasema, mikono wazi kama pasta kanisani. "Kama famille. Siye wote kwenye nguo moja."

Nikamuangalia huyu mutoto ya kaka yangu. Alifikiri parasoli, alifikiri vijiti vya meno. Alisahau ukuta. Mukwe na mama-mukwe hawaonane vinywa. Mwanaume hawezi kuona mama ya bibi yake anatafuna, na ule mama hawezi kumuona yeye. Nyumbani hiyo si shida: mama anakula mu jikoni, mukwe mu salon, kila mutu anashiba na heshima yake. Njo maana watu walijenga nyumba! Lakini huyu alitupeleka juu ya kilima mahali hakuna hata kichaka ya kuficha kuku.

Mama Alphonsine hakugomba. Alikuja kurudisha mutoto yake, si kugomba. Akakamata sahani yake, akasimama, akasema, "Muzee Augustin, mimi nitakula kule, kwenye kivuli." Akazunguka motokari, akakaa chini ngambo ya pili, mugongo kwenye tairi. Motokari ikawa ukuta. Nikashukuru, kumbe ile chuma iko na faida moja.

Tukaanza kula. Nadège akamuuliza Floribert kama chumvi inatosha. Floribert akasema inatosha, na sauti ilipungua, ikakuwa ya mwanaume ambaye alilala peke yake muda mrefu. Nikaangalia pembeni. Nilikuwa naanza kufikiri kwamba labda hata wajinga iko na siku yao.

Njo tukasikia, "Iii! Toka! Toka, weye!"

Baron hakuwa tena kwenye taulo yake.

"Augustin! Ondoeni hii nyama ya pori!"

Floribert akaruka wima, akakimbia mpaka kwenye motokari, akasimama. Sawa, alifanya vizuri kusimama. Ngambo ile mama-mukwe yake iko anakula, hawezi kupita. Akabaki kule anapiga kelele juu ya motokari kwa kifaransa, ikae, ilale, "Baron! Assis! Baron, couché!" Imbwa haikuona mutu, haikusikiliza mutu. Mama akaita mara ya pili, mara ya tatu. Mukwe yake hakuvuka. Heshima ni heshima, nikasema, hapa simulaumu.

Basi nikazunguka mimi, na fimbo yangu. Mama Alphonsine iko chini, kikwembe ya kichwa imeanguka, mukono moja inashikilia paja ya kuku, kinywa imejaa kwa sababu alitaka kumeza haraka kabla imbwa haijamunyanganya. Baron amesimama juu ya miguu yake, anavuta sahani, anaonyesha meno. Nikasema, "Leo nitakufundisha kiswahili." Nikainua fimbo.

"Baba mudogo, usimupige! Usimupige!"

Na Floribert akavuka.

Akatokea mbio, akakumbatia imbwa kwenye shingo, akapiga magoti pale pale, uso kwa uso na mama ya bibi yake: kichwa wazi, mafuta kwenye kidevu, mufupa kati ya meno.

Mama aliita mara tatu, hakuvuka. Fimbo iliinuka mara moja juu ya imbwa, akavuka.

Miziki ya wale wengine iliendelea kule chini. Nadège alikuwa amefika nyuma yangu, na sahani ya bwana yake bado iko kwenye mukono. Aliona yote. Mama Alphonsine akatoa mufupa mu kinywa polepole, akajifunika kichwa, akageuka akaangalia tairi.

Sasa nilipashwa kusema, maana njo kazi walinileta. "Mama, mutoto amekosa. Amekuona. Tutaleta mbuzi ya kuondoa haya, vile wazee waliweka."

"Sitaki mbuzi," Mama Alphonsine akaambia tairi. "Mbuzi niko nazo. Muzee Augustin, umuambie mukwe yangu nataka hii imbwa. Ifike kwangu leo, na kamba yake. Ikifika, na begi ya Nadège inashuka kwa Floribert leo. Sina neno lingine."

Nikageuka nimuambie, lakini alisikia. Wote walisikia. Nikasema moyoni: mwanamuke ya akili, amemurahisishia. Sema ndiyo, weye mupumbavu. Neno moja.

Floribert akaangalia Nadège. Akaangalia Baron, ambaye alikuwa anamulamba sikio.

"Baba mudogo," akasema, "umuambie mama... Baron iko na chakula yake ya pekee. Iko na sindano zake. Kwa mama hakuna hata ukuta ya kuzunguka lupango, atapotea. Si kwamba ninakatala. Mama anipatie wikendi moja nifikirie."

Nadège akacheka tena kile kicheko yake ya asubuhi.

"Fikiria, Flori. Fikiria polepole, usichoke."

Akaweka sahani chini mbele ya Baron, na nyama nzuri yote juu yake. Akafungua motokari, akatoa begi. Mama yake akakamata sufuria ya kuku iliyobaki, kama vile ni yake. Wakashuka kwenye barabara, motari moja aliyetoka Marabo na pikipiki yake akasimama, wakapanda wote wawili, begi kati yao. Kabla ya kwenda, mama akanigeukia.

"Na weye, muzee, unaangalia nini? Si weye mwenye bibi moja Mahagi na mwingine Kpandroma, na kote unakulaka kwa jirani?"

"Lakini hakuna mahali niliwaweka nyuma ya imbwa, bokilo, mukwe yetu."

"Ile ni kweli," akasema. Wakaenda.

Kwenye kurudi, askari ya barière akauliza, "Na wale wamama?"

"Walitangulia," Floribert akasema.

Askari akaangalia mimi nyuma peke yangu, akaangalia Baron mbele. Safari hii hakupiga saluti.

Jioni nikatembea na miguu mpaka kwa Mama Alphonsine, kwa sababu mutu aliyetumwa anarudisha jibu, hata jibu ya ujinga. Wakaniwekea kiti, meza, na ile kuku. Mama akala mu jikoni, mimi mu salon, ukuta kati yetu. Nilikula vizuri.

Nadège akakuja kusimama kwenye mulango. "Baba mudogo, hakutuma neno?"

"Anafikiria."

Begi ilikuwa bado imefungwa kwenye kona. Mama akasema toka jikoni, "Ifungue. Nguo zitaoza." Nadège akakaa chini, akavuta zipu. Juu ya nguo zote kulikuwa kamba nyekundu, ya ngozi, mupya, na kengele kidogo ya kufunga kwenye shingo. Alinunua sokoni, ya Baron. Alitaka kuipatia imbwa siku ya kurudi, ili wapatane. Akaiangalia kidogo, akaitundika kwenye musumari.

Wikendi ikapita. Floribert alikwisha kufikiria, akanipigia simu: alipata mbuzi. Mbuzi muzuri, mweupe, yenye mafuta. Nikamuuliza kama alisikia vizuri vile mama aliomba. Akasema desturi ni desturi, baba mudogo, wazee waliweka mbuzi.

Tukaipeleka. Yeye hakushuka mu motokari, mimi njo niliivuta mpaka ndani. Nadège alitoka, akaiangalia. Akaenda kuchukua ile kamba nyekundu kwenye musumari, akaifunga mbuzi kwenye shingo, na mpaka leo kengele inalia pale kwa Mama Alphonsine.

Mukiuliza tulifikaje, tulifika vizuri, mimi na mbuzi, nyuma. Mbele, kiti ilikuwa na mwenyewe.